Umeshika dola ya zamani ya fedha ya Marekani? Fuata hatua hizi kabla hujaiuza

Babu yetu alikuwa baharia. Aliondoka Mombasa angali kijana akazunguka na meli za mizigo, na katika miaka ya 1950 meli yake ilitia nanga San Francisco mara kwa mara. Zama hizo uliweza kuingia benki ya Marekani na noti ya dola moja ukatoka na sarafu ya fedha mkononi, moja kwa moja, bila nyongeza. Babu akarudi na tisa, kazifunga kwenye leso. Alipofariki zikabaki sandukuni kwa shangazi. Siku chache kabla ya harusi ya bintiye, shangazi akaitoa iliyo nzuri kuliko zote, akaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikametameta, ipate kupamba sinia.

Ile ilikuwa ya mwaka 1883, nyuma ina herufi S. Isingeguswa, peke yake ingezishinda nane zilizobaki zikiwekwa pamoja, tena kwa mbali. Baada ya ndimu ikawa haina zaidi ya bei ya madini na kijisehemu juu yake. Hatukumlaumu shangazi, maana hakuna aliyewahi kumwambia. Nami sikujua pia, mpaka nilipoanza kuuliza, na kuuliza huko kukanichukua miaka. Haya hapa ni yale ambayo ningependa mtu angetuambia siku ile.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Bei ya dola hizi haitokani na uzee wake, wala idadi iliyotengenezwa. Inatokana na ngapi zimesalia hadi leo, zimesalia katika hali gani, na watu wangapi wanazitafuta. Hatua zote zinazofuata ni njia za kujibu maswali hayo matatu.

Hatua ya 1: Usiisafishe

Usiisugue kwa kitu chochote. Si majivu, si ukwaju, si dawa ya meno, si magadi, si dawa ya kung'arishia fedha ya sonara, wala ncha ya kanga. Sarafu inapogongwa kiwandani, madini husukumwa kutoka katikati kwenda pembeni na kuacha vistari vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu. Ukiiinamisha chini ya taa, mwanga huzunguka juu ya vistari hivyo kama tanga linalogeuka. Huo ndio mng'ao wa asili, na ndio anaoulipia mkusanyaji. Ukisugua mara moja tu vistari vinalala, na hakuna fundi duniani anayeweza kuvisimamisha tena.

Weusi, au rangi ya kahawia iliyoganda kwenye mabonde ya herufi, si uchafu. Ni fedha yenyewe imejivika nguo kwa kukaa na hewa miaka mingi. Iache.

Ishike kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa au mto ili ikiponyoka isiumie. Usiitie kwenye mfuko laini wa plastiki unaonuka kama pazia jipya la bafu: plastiki ile hutoa utando wa kijani unaonata na kula madini. Karatasi ngumu isiyo na asidi au kikasha cha plastiki ngumu vinafaa. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, hewa ya chumvi na unyevu, kwa hiyo weka ndani ya kopo vile vipakiti vya kunyonya maji vinavyokuja na viatu na redio, ukivibadilisha kila baada ya miezi michache.

Hatua ya 2: Ijue sakafu ya bei

Azima mizani ya sonara. Dola ya kawaida ya fedha iliyotengenezwa kuanzia 1840 hadi 1935 ina uzito wa gramu 26.73 ikiwa mpya, upana wa milimita 38.1, na ndani yake asilimia 90 ni fedha, 10 ni shaba. Hiyo ni sawa na aunsi 0.7734 ya fedha halisi. Chukua bei ya aunsi moja ya fedha ya siku hiyo, zidisha kwa 0.7734. Aunsi ikiwa dola 30, madini yaliyomo yana thamani ya dola 23 na senti 20.

Hiyo ndiyo sakafu. Dola halisi haina sababu ya kuuzwa chini yake sana, hata iwe imechakaa vipi. Iliyotumika sokoni miaka mingi hupungua kidogo, ikaonyesha gramu 26 na kitu. Hilo ni jambo la kawaida. Ikionyesha 24 au 29, simama kwanza, kisha usome Hatua ya 8.

Hatua ya 3: Itambue ni ipi

Dola za kwanza zilitoka kiwanda cha Philadelphia mwaka 1794, zikiwa na kichwa cha mwanamke mwenye nywele zinazopepea. Zilizokabidhiwa mwaka huo ni 1,758 tu. Moja yao, yenye hali ya ajabu kwa umri wake, iliuzwa mnadani Januari 2013 kwa zaidi ya dola milioni 10. Baadaye kidogo wakaja na mwanamke aliyejitanda kitambaa kifuani, mpaka zikasimamishwa mwanzoni mwa karne ya 19. Ukikuta sarafu ya kizazi hiki, usiamue lolote mwenyewe. Nyingi zinazozunguka mikononi ni bandia, na za kweli ni za mtaalamu.

Dola ya Liberty aliyeketi, yaani mwanamke anayewakilisha uhuru, ni ya 1840 hadi 1873. Kisha kuna dola ya biashara, ya 1873 hadi 1885, nzito kidogo kwa gramu 27.22, iliyokusudiwa masoko ya China. Wafanyabiashara wa huko waliigonga mihuri yao midogo kuthibitisha kwamba ni fedha kweli, na wapo wakusanyaji wanaoipenda mihuri hiyo, japo wengine wanaiona kuwa kovu.

Utakayoikuta kwenye sanduku la babu, kwa uwezekano mkubwa, ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni Morgan, iliyochorwa na George T. Morgan, mchongaji aliyetoka Uingereza: mwanamke mwenye shavu pana, tai nyuma kakunjua mabawa ndani ya shada. Ilitengenezwa 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Ya pili ni dola ya Amani, iliyoanza mwisho wa 1921 kuadhimisha kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza: mwanamke mwenye taji la miale kama ya jua, nyuma tai ametua mwambani kakunja mabawa. Anthony de Francisci aliyeichora alimtumia mkewe Teresa kuwa mfano. Hii ilitoka 1921 hadi 1928, kisha 1934 na 1935.

Zipo mbili zinazowachanganya watu wetu. Moja ni dola yenye uso wa Rais Eisenhower, ya 1971 hadi 1978. Ni kubwa vilevile, lakini nyingi ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, gramu 22.68, hazina fedha hata chembe. Chache tu zilizouzwa kwa wakusanyaji zina fedha asilimia 40. Nyingine ni riale ya Maria Theresa, ile iliyotawala biashara ya pwani yetu, Oman na Uhabeshi. Ina mwaka 1780 daima, hata kama iligongwa karne ya 20, na uzito wake ni gramu 28 na kidogo. Ni sarafu yenye heshima kubwa kwetu, lakini ya Austria. Usikubali kuuziwa riale kwa jina la dola.

Hatua ya 4: Soma mwaka, kisha geuza nyuma utafute herufi

Hapa ndipo wengi wanapoteza pesa kwa kutogeuza sarafu. Marekani ilikuwa na viwanda kadhaa, na kila kimoja kiliweka herufi yake ndogo. Kwenye Morgan itafute nyuma, chini ya fundo la utepe wa shada, juu kidogo ya neno DOLLAR. Kwenye dola ya Amani itafute nyuma pia, chini ya neno ONE, karibu na ncha ya bawa la tai.

Ikiwa hakuna herufi, ni ya Philadelphia. S ni San Francisco. O ni New Orleans. D ni Denver, ambayo kwenye Morgan utaiona mwaka 1921 tu. CC ni Carson City, mji wa Nevada uliokuwa jirani na machimbo makubwa ya fedha. Dola za Morgan za huko ni za 1878 hadi 1885 na 1889 hadi 1893. Jina hilo lina mvuto wake. Mtu ambaye hajawahi kukusanya kitu maishani atalipa zaidi kwa CC kwa sababu inamkumbusha nchi ya wachimba migodi, kwa hiyo hata CC iliyochakaa huipita dola ya kawaida.

Andika mwaka na herufi kwenye karatasi pamoja: 1881-S, 1889-CC, 1921. Kuanzia sasa hilo ndilo jina la sarafu yako.

Hatua ya 5: Uliza zimesalia ngapi, usiulize zilitengenezwa ngapi

Hatua hii usiipite haraka, kwa sababu historia ya dola hizi ni ya ajabu, na bei zote zimejengwa juu yake.

Mwaka 1878 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuilazimisha serikali kununua fedha ya thamani ya dola milioni 2 hadi 4 kila mwezi na kuigeuza sarafu. Wenye migodi walifurahi. Raia hawakuzitaka dola zenyewe: nzito, zinatoboa mifuko. Wakatumia noti zilizoahidi kulipwa fedha, na sarafu zikalala kwenye maghala ya Hazina, zimetiwa katika mifuko ya 1,000, kila mfuko ukikaribia kilo 27. Zikalala hivyo miaka na miaka.

Mwaka 1918 vita vilipochacha, Uingereza ikihitaji fedha kwa ajili ya India, ikapitishwa sheria nyingine, na dola zaidi ya milioni 270 zikayeyushwa. Hakuna aliyeandika ni za mwaka gani wala kiwanda gani. Mifuko ilichukuliwa ilivyopangwa, ikaingia tanuruni. Kwa hiyo orodha inayokwambia ziligongwa milioni 4 haisemi lolote kuhusu zilizopo.

Tazama 1903-O. Zilitengenezwa 4,450,000, lakini hazikuonekana, na watu wakaamini kwamba karibu zote zimeyeyushwa. Kwa miaka mingi ikawa miongoni mwa Morgan za bei ya juu kabisa. Kisha mwaka 1962 Hazina ikafungua ghala lililokuwa limefungwa, ikatoa mifuko iliyojaa 1903-O, mipya kama jana. Bei ikaporomoka ndani ya wiki chache. Waliokuwa wamenunua kabla ya hapo walibaki na sarafu ileile, nzuri vilevile, iliyopoteza sehemu kubwa ya bei yake.

Habari hiyo ikaamsha watu. Wakapanga foleni kwenye milango ya Hazina na noti zao, hata Machi 1964 serikali ikasitisha kutoa dola za fedha. Zilizobaki zilikuwa karibu milioni 3, nyingi za Carson City, nazo zikauzwa kwa umma kati ya 1972 na 1980 ndani ya vikasha vigumu vya plastiki. Mwaka 1884 Carson City ilitengeneza dola 1,136,000. Zaidi ya 960,000 kati yake zilikutwa humo. Ndiyo maana 1884-CC iliyo mpya kabisa inapatikana bila shida kubwa, ilhali 1889-CC, iliyotengenezwa 350,000, ni lulu hata ikiwa imechakaa: karibu haikuwamo kabisa ghalani. Ukibahatika kuipata dola ikiwa bado ndani ya kikasha chake cha mauzo yale, usikivunje. Kikasha nacho kina bei.

Kwa hiyo kariri majina machache. 1893-S ndiyo Morgan ya matumizi ya kawaida iliyotengenezwa kwa idadi ndogo kuliko zote, 100,000, na hata iliyosagika sana hulipwa maelfu ya dola. 1889-CC nimekwisha kuitaja. 1894 ya Philadelphia, 110,000. Kwenye dola za Amani: 1928 ya Philadelphia, 360,649, na ile ya 1921 yenyewe, zaidi kidogo ya milioni moja, kwa sababu sura yake ilichongwa kwa kina kirefu ambacho mashine zilishindwa nacho, na mwaka uliofuata wakaipunguza.

1895 ina kisa chake. Kumbukumbu za Philadelphia zinataja dola 12,000 za kawaida mwaka huo, lakini hakuna hata moja iliyothibitishwa kuwapo. Zinazojulikana zinatokana na 880 zilizogongwa kwa namna ya pekee kwa ajili ya wakusanyaji, uso wake kama kioo. Ukiona 1895 isiyo na herufi, ama umeshika mojawapo ya hizo 880, ama herufi imekwanguliwa, ama ni bandia. Lakini ikiwa na O au S ni jambo jingine; zile zipo, na ni nzuri, ila si muujiza.

Upande wa pili wa mizani ni 1921 ya Morgan, iliyotengenezwa Philadelphia pekee 44,690,000, na 1922 ya Amani, zaidi ya milioni 51. Hizi, zikiwa zimetumika, bei yake hutembea bega kwa bega na bei ya madini.

Hatua ya 6: Pima hali yake kwa taa moja

Zima taa zote, bakisha moja yenye mwanga wa upande mmoja. Chukua kioo cha kukuzia mara 5 hadi 10. Inamisha sarafu taratibu, ukitazama mwanga unavyotembea.

Kwenye Morgan tazama nywele juu ya sikio na juu ya jicho, kisha geuza utazame manyoya ya kifua cha tai. Huko ndiko kunakosagika kwanza. Kwenye dola ya Amani tazama nywele zinazopita juu ya sikio, na bawa la tai. Nyuzi za nywele zikiwa zimeungana na kuwa bapa, sarafu imetembea mikononi. Zikiwa wazi lakini vilele vimebadilika rangi na kufifia, imeguswa kidogo. Mng'ao ukipita juu ya vilele bila kukatika, huenda haikutumika kamwe.

Wataalamu hutoa gredi kwa namba 1 hadi 70. Kipimo hicho alikibuni William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba, kikaenea kwa sarafu zote. Namba 1 inatambulika kwa shida. 20 na 30 ni zilizotumika zikabaki na heshima. 58 ina mguso mdogo tu. Kuanzia 60 ni mpya, na toka hapo ugomvi si wa kusagika tena, ni wa mikwaruzo. Kumbuka ile mifuko ya kilo 27: kila ilipotupwa sakafuni, dola elfu ziligongana. Shavu la Morgan ni pana na laini, halina pa kuficha jeraha, kwa hiyo shavu safi peke yake laweza kupandisha gredi.

Sasa rudi kwa ile ya shangazi. 1883-S zilitengenezwa 6,250,000, idadi inayomfanya mtu aipuuze. Lakini nyingi ziliingia sokoni huko magharibi zikasagika, na zilizobaki mpya ni chache. Iliyotumika ni ya kawaida. Iliyo mpya ina bei mara nyingi zaidi. Mfano mkali kuliko huo ni 1884-S: iliyochakaa mtu wa kipato cha kati anainunua bila kufikiri mara mbili, lakini iliyo mpya kabisa huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Mwaka ni uleule na herufi ni ileile. Usijiambie "yangu ni ya kawaida" kabla hujapitia hatua hii.

Kinyume chake ni 1881-S. San Francisco miaka hiyo ilifanya kazi ya kupendeza, na mifuko mingi ikasalia. Ukitaka kuona dola ya Morgan ilivyokusudiwa kuwa, nunua hii. Ni nzuri na bei yake inafikika.

Hatua ya 7: Tenganisha kugongwa vibaya na kusagika

Dola za New Orleans zimeonewa sana katika jambo hili. Mashine za huko mara nyingi hazikugonga kwa nguvu, hivyo nywele juu ya sikio na kifua cha tai zikatoka bapa tangu siku ya kwanza. Mnunuzi mjanja atakwambia imesagika. Mwonyeshe mng'ao: sehemu iliyogongwa vibaya ina mng'ao wake juu yake, iliyosagika haina. Hata hivyo kugongwa vibaya kunapunguza bei, na O iliyogongwa kwa ukamilifu inaweza kupata mnunuzi wa kulipa ziada.

Ziada nyingine huja na uso unaoakisi kama kioo. Sarafu za kwanza kutoka kwenye muhuri mpya wa chuma, muhuri ukiwa bado umenolewa vizuri, zilitoka hivyo. Shika maandishi ya gazeti mbele ya sehemu tupu ya sarafu. Ukiweza kuyasoma kwenye uso wake kwa umbali wa upana wa kiganja, unacho kitu. Rangi nazo, buluu, zambarau na dhahabu zilizojitokeza zenyewe kwa kukaa pembeni mwa mfuko wa kitani, hupendwa na wengine kiasi cha kulipa mara dufu. Mimi zinanivutia, lakini usinunue rangi mpaka umeona nyingi, kwa sababu zinapikwa jikoni kwa kemikali kila siku.

Kuna pia wanaotafuta tofauti ndogondogo za mihuri, wanazoziita VAM kwa majina ya Van Allen na Mallis waliozipanga. Iliyo rahisi kuanzia ni dola ya 1878: hesabu manyoya ya mkia wa tai. Za mwanzo zina manyoya 8, kisha wakabadili yakawa 7, na zipo ambazo 7 yamegongwa juu ya 8, ncha za yale ya zamani zikichungulia chini.

Hatua ya 8: Hakikisha ni ya kweli

Anza na uzito na upana wa Hatua ya 2. Kisha sumaku: fedha haivutwi. Lakini sumaku inamkamata mwizi mjinga tu, kwa sababu shaba nayo haivutwi.

Kipimo bora cha nyumbani ni cha maji. Weka bilauri ya maji safi juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itaonyesha karibu gramu 2.6 ikiwa ni fedha ya asilimia 90. Ikionyesha 3 au zaidi, ndani kuna madini mepesi. Kisha itoe, iweke juu ya kitambaa laini ikauke, bila kusugua.

Bandia ya hatari zaidi ni dola ya kweli iliyobandikwa herufi. Mtu huchukua 1893 ya Philadelphia, akagandisha S ndogo nyuma. Mizani haitasema lolote. Kuza herufi hiyo, zungusha mwanga, utafute mshono chini yake. Isitoshe, 1893-S zote za kawaida ziligongwa mbele kwa muhuri mmoja, na muhuri ule ulikuwa na kijistari cha mshazari kilichoinuka kwenye sehemu ya juu ya herufi T ya LIBERTY kwenye taji. Kisipokuwapo katika sarafu isiyosagika sana, usitoe pesa.

Na mtu akikuletea dola ya 1804, tabasamu, mkaribishe chai, usitoe pesa. Zinajulikana 16 tu duniani, na hakuna hata moja iliyogongwa mwaka 1804. Mwaka 1834 serikali ya Marekani ilitaka seti za sarafu za kuwazawadia watawala wa mashariki, na kiwanda, kikiona kwenye vitabu kwamba dola zilitolewa mwaka 1804, kikachonga muhuri wa mwaka huo, kumbe zilizotolewa wakati ule zilikuwa na tarehe za nyuma. Mjumbe Edmund Roberts alipewa seti hizo, na mwaka 1835 akamkabidhi moja Seyyid Said bin Sultan, aliyekuwa ametia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Ndiye Seyyid Said huyu huyu aliyefanya Unguja kuwa makao yake makuu. Sarafu inayoaminika kuwa ndiyo aliyopewa iliuzwa 1999 kwa zaidi ya dola milioni 4, na 2021 kwa dola milioni 7.68. Kila nikipita mbele ya Beit al-Sahel karibu na Forodhani hunijia kwamba Seyyid Said, mwenye jumba la kwanza lililosimama pale, aliwahi kuishika mkononi. Nimeonyeshwa dola za 1804 mara tatu, mbili Mji Mkongwe na moja Muscat, na zote zilikuwa nakala za watalii, nyepesi na zenye vijishimo vya kuyeyushwa kwenye kalibu.

Hatua ya 9: Zigawe mafungu matatu, kisha uza

Fungu la kwanza ni za bei ya madini: 1921 za Morgan na 1922 za Amani zilizotumika, zilizosuguliwa, zilizotobolewa kuwa kidani. Uza kwa uzito au gawia wajukuu. La pili ni za kati, zenye ziada ndogo. Mwuzie mkusanyaji moja kwa moja. La tatu ni zile ambazo mwaka, herufi na hali vimekubaliana. Hizi tu ndizo zinazostahili gharama ya kupelekwa kwa kampuni za kutoa gredi. Zinazoaminiwa zaidi ni PCGS na NGC, zote za Marekani, zinazoithibitisha sarafu, kuipa namba na kuifunga katika kasha. Ikiwa imesafishwa wataandika hivyo kwenye kasha, na bei itafuata maandishi. Makasha nayo yanaghushiwa, hivyo ukinunua iliyofungwa, ingiza namba yake kwenye tovuti ya kampuni husika ulinganishe picha na sarafu uliyoishika.

Ukitafuta bei, usitazame bei inayoombwa mtandaoni. Mtu yeyote anaweza kuombea 1921 yake dola 5,000. Tazama zilizokwisha kuuzwa: nyumba za mnada kama Heritage na Stack's Bowers huweka wazi matokeo ya nyuma. Tafuta mwaka wako, herufi yako na gredi yako, chukua mauzo matano au sita ya karibuni, na uweke akilini kwamba muuza sarafu dukani lazima aache sehemu yake.

Zile za babu tulizipitisha kwenye hatua hizi zote. Tano zilikuwa Morgan za 1921, mbili za Amani za 1922, na moja 1880-S yenye shavu safi ambayo hatujaamua. Saba za kwanza ziligawiwa wajukuu, kila mmoja na yake. Ya 1883 hatukumnyang'anya shangazi. Ameiweka mwenyewe kwenye kikasha kigumu, na sasa mgeni akiomba kuishika humwambia aishike kwa ukingo.